Jenereta nimelipia nusu, imeungua kabla sijaichukua. Hasara ni ya nani?

#1 FundiMakini
Habari wakuu. Nilipatana na mtu aniuzie jenereta yake iliyotumika. Nilikwenda kuiona, nikaiwasha, nikasikiliza mlio, nikaridhika nayo. Tukaandikiana kwenye simu bei na siku ya kuichukua. Nusu nikamtumia palepale, nusu ya pili tulikubaliana nilipe nikija na gari. Usiku wa kuamkia siku hiyo stoo yake ikashika moto na jenereta ikabaki chuma cheusi.

Mimi nataka changu kirudi. Yeye anataka nimalizie nusu iliyobaki, eti "mali ilishakuwa yako, mimi nilikuwa nakutunzia tu". Karatasi hatukuandikishana. Nani ana haki? Wanasheria karibuni, na wasio wanasheria pia.

#2 KichwaNgumu
Hakuna karatasi, hakuna mkataba. Hakuna mkataba, hela yako irudi. Mods fungeni uzi.

#3 WakiliDada
KichwaNgumu punguza kasi. Mkataba hauhitaji karatasi ili uwe mkataba. Unahitaji watu wenye uwezo wa kisheria, waliokubaliana kwa hiari juu ya kitu halali, mmoja ametoa pendekezo na mwingine amelipokea vilevile lilivyo. Wanaofuata mfumo wa Kiingereza huongeza kwamba kila upande uwe unatoa kitu. Karatasi kazi yake ni ushahidi.

Ni kweli ipo mikataba ambayo sheria inataka iandikwe, hasa ya ardhi. Marekani kanuni yao ya biashara inataka maandishi hata kwa bidhaa, kuanzia dola 500, ila bidhaa iliyokwisha kulipiwa na malipo yakapokelewa inaponyoka. Uingereza walikuwa na sharti la namna hiyo tangu 1677, wakaliondoa kwenye mauzo ya bidhaa mwaka 1954. Na Mkataba wa Vienna wa 1980 unaohusu mauzo ya kimataifa, ibara ya 11, hauhitaji maandishi kabisa, hata shahidi wa mdomo anatosha.

Isitoshe mleta uzi ana meseji na ana muamala. Mtu wa hivyo hana "mdomo mtupu". FundiMakini, usifute kitu kwenye hiyo simu.

#4 Msafiri_K
Kuongezea kwa dada hapo juu: 2023 mahakama ya Saskatchewan, Kanada, ilimbana mkulima aliyetumiwa picha ya mkataba wa kuuza tani 87 za mbegu za kitani, akajibu kwa kile kidole gumba cha juu. Bei ya sokoni ikapanda, mzigo hakupeleka. Kujitetea kwake: kidole kilimaanisha "nimeupata", sio "nimekubali". Wakapekua meseji zao za nyuma, wakakuta kawaida yake ilikuwa kujibu neno moja tu la "sawa" na mzigo unakwenda. Akalipishwa zaidi ya dola 82,000 za kwao.

#5 KichwaNgumu
Kwa hiyo kidole kimoja dola elfu 82. Kuanzia leo naweka vidole mfukoni.

Lakini mmekwepa swali. Haya, mkataba upo. Jenereta imeungua. Nani analia?

#6 MzeeWaKanuni
Analia mnunuzi. Najua jibu halitapendwa.

Iko kesi ya zamani inayofanana na hii kiasi cha kuchekesha, Tarling dhidi ya Baxter, hukumu ya 1827. Watu wawili waliuziana lundo la nyasi kavu tarehe 4 Januari 1825 kwa pauni 145. Malipo yalikuwa yafanyike mwezi mmoja baadaye, na nyasi ziliruhusiwa kukaa shambani palepale hadi tarehe 1 Mei. Tarehe 20 Januari zikaungua zote. Mnunuzi hakuwa amelipa senti wala kubeba hata unyasi mmoja. Mahakama ikasema umiliki ulihama siku ile ya makubaliano, kwa hiyo zilizoungua ni nyasi zake na bei atalipa.

Mantiki hiyo ikaingia kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya 1893, na nchi kibao zilizotawaliwa na Waingereza zikainakili karibu neno kwa neno. Bidhaa ikiwa mahususi, yaani hii hapa na si nyingine, na iko tayari kukabidhiwa, na hamkusema vinginevyo, umiliki unahama mkataba unapofungwa. Malipo kucheleweshwa hakubadili kitu, makabidhiano kucheleweshwa pia. Na hasara inamfuata mwenye mali. Sasa jenereta ya FundiMakini aliiona, akaiwasha, akaichagua. Mahususi kuliko hapo ipi?

#7 MamaHesabu
Mzee umetoka 1827 umekuja kumuua kijana wa watu kwa nyasi.

#8 FundiMakini
@MzeeWaKanuni yaani nilipe nusu nyingine kununua majivu?

#9 MzeeWaKanuni
Kwa kanuni hiyo, ndiyo.

#10 BintiNotari
Kwa kanuni *hiyo*. Mzee anaandika kana kwamba dunia nzima ilitawaliwa na Malkia mmoja.

Ujerumani mkataba wa mauzo hauhamishi mali hata chembe. Unazaa wajibu tu: muuzaji awe na deni la kukabidhi, mnunuzi awe na deni la kulipa. Umiliki unahama kwa tendo jingine kabisa, makabidhiano pamoja na makubaliano ya kuhamisha, kifungu cha 929 cha kanuni yao ya madai. Na hatari ya hasara inahama bidhaa inapokabidhiwa, kifungu cha 446. Jenereta ikiungua stooni kwa muuzaji kabla ya kuchukuliwa, na mnunuzi hakuchelewa, imeungua ya muuzaji. Bei hailipwi, iliyolipwa inarudi.

Ufaransa wao wako karibu na mzee. Ibara ya 1583 inasema mauzo yamekamilika na mali ni ya mnunuzi pindi mkikubaliana kitu na bei, hata kama kitu hakijatolewa wala bei haijalipwa, na hasara hufuata umiliki.

Warumi ndio waliochanganya zaidi. Kwao umiliki ulingoja makabidhiano kama kwa Wajerumani wa leo, lakini hasara ilikuwa ya mnunuzi tangu mauzo yanapokamilika. Unabeba hasara ya kitu ambacho bado si chako!

Huo mkataba wa Vienna aliotaja WakiliDada umeliruka kabisa suala la umiliki. Ibara ya 4 inasema hauhusiki nalo. Unauliza tu bidhaa iko mikononi mwa nani au mchukuzi kapewa lini. Kwa bidhaa ya kuichukua kwa muuzaji, ibara ya 69: hatari inahama mnunuzi anapoichukua. Nadhani hao ndio waliokuwa na akili, maana anayekaa na kitu ndiye mwenye kitasa, ufunguo na ndoo ya maji.

#11 MzeeWaKanuni
Mkataba wa Vienna unahusu wafanyabiashara wa nchi mbili tofauti. Hawa ni watu wawili na stoo moja.

#12 BintiNotari
Nimesema ni wenye akili, sikusema unatumika hapa.

#13 KichwaNgumu
Mimi nina hoja tofauti. FundiMakini uliipataje hiyo jenereta, tangazo? Kama alitangaza "jenereta nzima, inauzwa", tangazo lenyewe ni ahadi. Kuna ile kesi ya Marekani ya dawa ya mafua, kampuni ilitangaza kwenye gazeti, mama mmoja akaugua, wakalipa.

#14 WakiliDada
Haikuwa Marekani, ilikuwa London. Carlill dhidi ya kampuni ya Carbolic Smoke Ball, Mahakama ya Rufaa, Desemba 1892. Na kile hakikuwa kidonge, kilikuwa kidude cha mpira cha kuvuta moshi wake puani. Waliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayekitumia kama walivyoelekeza kisha akapata mafua, na kuonyesha hawatanii wakasema wameweka pauni 1,000 benki. Ile hela ya benki ndiyo iliyowamaliza, maana wasingeweza tena kusema lilikuwa tangazo la kupamba tu.

Matangazo mengi hayako hivyo. Partridge dhidi ya Crittenden ya 1968, tangazo la kuuza ndege kwenye gazeti, mahakama ikasema ni kualika watu walete mapendekezo, pendekezo lenyewe bado. Kungekuwa na mantiki gani nyingine? Ukitangaza jenereta moja wakaitikia watu arobaini, utakuwa umevunja mikataba 39.

#15 KichwaNgumu
Iwe London iwe wapi, mama alilipwa. Hoja yangu iko palepale.

#16 FundiMakini
Wakuu, kuna kitu sikukiandika mwanzo maana niliona kidogo. Tulikubaliana kabla sijaichukua atanibadilishia betri na kumwaga oili ya zamani aweke mpya. Meseji yake ipo: "nikimaliza kuiweka sawa nakustua". Hakunistua.

#17 WakiliDada
Kidogo?! Kaka, hicho ndicho kiini cha kesi yako.

Sheria ileile ya mzee ina kanuni ya pili. Bidhaa mahususi ambayo muuzaji bado ana kazi ya kuifanyia ili iwe tayari kukabidhiwa, umiliki hauhami mpaka kazi ifanyike NA mnunuzi ajulishwe. Mambo mawili, na kwako hakuna hata moja lililotimia.

Kesi yake ni ya mashine pia. Underwood dhidi ya Burgh Castle Brick, 1922. Injini ya tani zaidi ya 30 imesimikwa kwenye zege, muuzaji aing'oe na kuipakia kwenye treni. Ikavunjika wakati wa kupakiwa. Mnunuzi akakataa kulipa, mahakama ikamuunga mkono kwa kuwa injini haikuwa katika hali ya kukabidhiwa siku ya mkataba, umiliki haukuwa umehama, hasara ya muuzaji.

Na bidhaa mahususi ikiangamia kabla hatari haijahama, bila kosa la yeyote, makubaliano yanatanguka. Hela yako irudi.

#18 MamaHesabu
Mzee? Mzee uko wapi? Nimevuta kiti.

#19 MzeeWaKanuni
Nipo. Nilikuwa nakula.

Injini iliyozikwa kwenye zege huwezi kuibeba hata ukitaka. Jenereta ya kijana ilikuwa sakafuni, inawaka, ameiwasha kwa mkono wake mwenyewe. Angekuja na gari siku ileile angeondoka nayo. "Tayari kukabidhiwa" maana yake ni hali ambayo mnunuzi anabanwa kuipokea chini ya mkataba, nakubali, lakini kubadilisha oili ni huduma ya ziada aliyoahidiwa, haigusi utayari wa mashine. Vinginevyo kila muuzaji aliyesema "nitakufutia vumbi" atakuwa amejibebesha moto.

#20 WakiliDada
Kwa maneno yako mwenyewe: hali ambayo mnunuzi *anabanwa kuipokea*. Angekuja siku ya kuchukua akute betri ya zamani, alikuwa anabanwa? Alikuwa na haki ya kusema weka betri kwanza. Basi haikuwa tayari.

#21 MzeeWaKanuni
Angeipokea na kudai punguzo la bei ya betri.

#22 WakiliDada
Angeweza kuchagua hivyo, lakini hakuna wa kumlazimisha.

#23 Bidhaa_Jumla
Mnabishana kuhusu kitu kimoja kilichojulikana. Mimi yalinikuta mabaya zaidi. Nililipia mifuko ya saruji kwa muuzaji wa jumla, lundo kubwa ghalani, akaniambia "zako zimo humo". Mvua ikaingia. Akaniambia zilizolowa ndizo zangu!

Niliambiwa na aliyenisaidia kwamba mali isiyobainishwa haiwezi kuwa yangu. Mpaka mifuko itengwe, iwekwe kando kwa ajili yangu, mimi ninachomiliki ni ahadi tu. Hapo ilinisaidia, maana hasara haikuwa yangu na alitakiwa anipe mifuko mingine, saruji duniani haijaisha. Ila angefilisika wiki ile ningekuwa nimekwisha, maana ningepanga foleni na wadai wengine, mkononi nina risiti tu.

#24 BintiNotari
Ndiyo maana Waingereza walirekebisha sheria yao mwaka 1995: aliyelipia sehemu ya lundo linalojulikana anakuwa mmiliki mwenza wa lundo hata kabla ya kutengewa. Kwa nchi zilizonakili ile ya 1893 na kuiacha ilivyo, faida hiyo haipo.

#25 Juakali_Sana
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nilituma hela ya kununua spea kwa namba niliyokosea tarakimu moja. Aliyepokea anasema hatuna mkataba, hanidai simdai. Kuna namna?

#26 BintiNotari
Ipo. Wajibu hautoki kwenye mkataba peke yake. Tangu enzi za mfalme wa Warumi Justiniano wanafunzi wanakaririshwa vyanzo vinne: mkataba, kinachofanana na mkataba, kosa la madhara, na kinachofanana na kosa hilo. Wako ni wa pili. Aliyepokea kisichokuwa deni lake anarudisha, Wafaransa wameiandika ibara ya 1302, na kwa Waingereza jaji wao Lord Mansfield alishasema mwaka 1760 kwamba hela ya hivyo inadaika kwa misingi ya haki hata bila ahadi yoyote. Wahi kwa kampuni ya simu wazuie muamala kabla hajaitoa, nadharia baadaye.

#27 KichwaNgumu
Hili la "hanidai simdai" nimelipenda, ila kumbe halifanyi kazi.

#28 MamaHesabu
Nirudi kwenye ile nusu iliyolipwa. Hakuna aliyeuliza ilikuwa nini. Malipo ya sehemu ya bei, au arbuni? Maana mimi nilishapoteza hela kwa hilo. Nilitoa cha kushikia kitu, nikabadili mawazo, muuzaji akakila chote na sikuwa na la kusema.

#29 BintiNotari
Swali zuri, na majibu yanagongana. Ufaransa, ibara ya 1590: ahadi ya kuuza ikifungwa kwa arbuni, kila mmoja yuko huru kujitoa, aliyetoa akiipoteza na aliyepokea akirudisha maradufu. Ufilipino, ibara ya 1482, ni kinyume chake: arbuni inahesabiwa sehemu ya bei na ni ushahidi kwamba mauzo yamekamilika, hakuna mlango wa kutokea. Mama aliangukia kwenye tafsiri ya kwanza.

Ila kwa FundiMakini hakuna aliyejitoa. Nusu ya bei nzima ni kubwa mno kuwa arbuni, mimi naisoma kuwa sehemu ya bei.

#30 MzeeWaKanuni
Na ukiisoma hivyo unaimarisha upande wangu. Mtu anayelipa nusu amenunua.

#31 Msafiri_K
Jamani moto ulianzia wapi? Mbona wote mnaongea kama umeshuka mbinguni? Hata tukikubali jenereta ilishakuwa ya FundiMakini, aliyebaki nayo alikuwa mtunzaji wa mali ya mwenzake. Mtunzaji mali ikiharibika mikononi mwake, yeye ndiye aeleze kwamba hakuzembea. Kama ni waya uliochubuka au dumu la petroli pembeni ya jiko, hoja ya umiliki inageuka kisu kinachomkata mwenyewe.

Na upande wa pili, FundiMakini una uhakika hukuchelewa? Demby Hamilton dhidi ya Barden, 1949: mnunuzi wa juisi ya matufaa alichelewesha kuagiza ipelekwe, ikachacha ikiwa bado ya muuzaji, na hasara akaibeba mnunuzi kwa sababu ya kuchelewa kwake.

#32 FundiMakini
Sikuchelewa, siku yenyewe ilikuwa haijafika. Chanzo cha moto anasema hajui. Jirani anasema kulikuwa na kijana anachomelea geti usiku.

Halafu nimesikia stoo ilikuwa na bima.

#33 MamaHesabu
Hee! Na amekaa kimya?

#34 WakiliDada
Kama amejaza madai ya bima na kuiorodhesha jenereta kama mali yake, basi amekanusha kwa kalamu yake yale anayokuambia kwa mdomo. Haiwezi kuwa yake kwa bima na yako kwa deni.

#35 MzeeWaKanuni
Inaweza. Waters dhidi ya Monarch, 1856, wenye maghala walikatia bima bidhaa za wateja walizokuwa wanazitunza, wakalipwa thamani kamili, sehemu yao wakabaki nayo na ya wateja wakaishika kwa niaba yao. Kukatia bima kitu sio kukiri ni chako.

Na asidhani bima ya muuzaji itamwokoa. Rayner dhidi ya Preston, 1881: nyumba iliuzwa kwa pauni 3,100, ikaungua kabla ya kukamilisha, bima ikamlipa muuzaji pauni 330. Mnunuzi akazidai, akakosa, kwa kuwa mkataba wa bima ni wa muuzaji na kampuni yake. Akalipa bei kamili kwa nyumba iliyoungua.

#36 BintiNotari
Malizia basi mzee. 1883, Castellain dhidi ya Preston, kampuni ya bima ikamgeukia muuzaji yuleyule na kumnyang'anya zile 330, maana bei alishapata yote na hakuwa na hasara ya kufidiwa. Muuzaji wa FundiMakini akichukua bima na bado akachukua nusu ya pili, ajiandae kwa mgeni wa tatu.

#37 KichwaNgumu
Hiyo ndiyo meseji ya kumtumia. "Kaka, nikikulipa, bima watakurudia." Atatulia mwenyewe.

#38 WakiliDada
Usimtumie hiyo. Andika barua ya madai ya kawaida kwanza: tarehe, makubaliano ya betri na oili, kwamba hukujulishwa kazi imekwisha, kiasi unachodai, siku ya mwisho ya kulipa. Bima usiitaje kabisa, maana ukiitaja sasa atajaza fomu akijua unachokitafuta. Na huyo jirani mpate mapema, kabla hajasahau geti lilikuwa la nani.

#39 MzeeWaKanuni
Mimi ningeanza na bima, ningeomba nakala ya madai leo. Fomu ikishajazwa haibadiliki kirahisi, na kama bado hajaijaza basi barua yako ndiyo itakayomfundisha cha kuandika.

#40 FundiMakini
Nawashukuru wote. Sasa nianze na ya nani, ya dada au ya mzee?

#41 Juakali_Sana
Kampuni ya simu wamezuia ile hela. @BintiNotari asante. Wanasema nisubiri jamaa akubali irudi, asipokubali niende polisi. Akikataa hapo inakuwa jinai au bado ni madai tu?